Mkata Nyasi Anayefundisha Mkono Kusahau

Saa mbili kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya uwanja wa michezo, na Wamae Gatimu anatembea ndani ya nyasi polepole kama mtu aliyeangusha shilingi. Mkono mmoja ameshika fimbo, mwingine karai. Kila baada ya hatua mbili tatu anainama. Leo ameshaokota mawe kumi na moja, kipande cha seng'enge, chupa ya wino iliyopasuka na mguu wa kiti cha darasani.

Mashine ya kukata nyasi imelazwa kando, juu ya gunia, baridi na kimya. Haitawashwa mpaka mzee amalize uwanja mzima. Na akishamaliza, mwenzake Khavere atapita palepale alipopita yeye, kwa maana aliyetangulia hakosi kuacha kitu.

"Wakubwa wakipita hapa wanasema hawa watu wawili wanalipwa kwa kutembea," anasema Wamae bila kuinua kichwa. "Mimi nawaacha waseme. Jiwe likiruka haliulizi huyu ni mkubwa ama ni mdogo."

Hapa ni shule ya bweni ya wasichana, juu ya kilima kati ya mji wa Nyeri na Mweiga. Jina la shule limeachwa kwa ombi la Wamae mwenyewe. Amebakisha wiki mbili za kula mshahara wake wa shilingi elfu mbili na mia moja kwa mwezi, na hataki ziwe wiki moja.

Tarehe 30 mwezi huu wa Juni, 1995, akiwa na miaka hamsini na mitano, atarudisha ufunguo wa stoo na kwenda zake nyumbani Gatitu. Ameifanyia shule hii kazi miaka ishirini na saba. Hadai karamu wala saa ya ukutani. Alichokuwa akitaka tangu mwaka uanze ni kitu kimoja: mashine ishikwe na mtu ambaye mkono wake umesahau fyekeo.

Asiyewahi kukata nyasi ataona hayo ni maneno ya mzee aliyechoka. Lakini yana sababu.

Fyekeo, au slasha kama wanavyoiita wenyewe, lina makali pande zote mbili. Mtu hulirusha kushoto likala nyasi, akalirudisha kulia likala tena. Kwenda ni kazi na kurudi ni kazi. Aliyelishika miaka ishirini hafikirii tena. Mkono wenyewe unajua njia, kama punda wa maji anayejua mtoni hata mwenyewe akisinzia.

Mashine si hivyo. Kisu chake ni cha mviringo, kinazunguka kuelekea kushoto, na kinataka kulishwa kwa upande mmoja tu, kutoka kulia kwenda kushoto. Ukikirudisha kulia kikiwa ndani ya nyasi, na huko nyasini kuna kisiki au chuma, kile kisu hakikati. Kinapiga teke. Mashine nzima inaruka, na aliyeibeba anaruka nayo.

"Slasha inakula kwenda na kurudi," anasema Wamae. "Hii inakula kwenda peke yake. Kurudi haijui. Sasa mtu wa slasha ndiye wa kuogopa zaidi, kuliko hata yule hajawahi kushika kitu. Huyo mwingine hana cha kusahau."

Zamani walikuwa wanaume tisa. Walijipanga mstari mmoja chini ya uwanja, wakapanda nao hadi juu, mafyekeo yakilia pamoja, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Ilikuwa kazi ya siku nne, na mtu hakuumia zaidi ya lengelenge kwenye kiganja.

Mwaka wa 1991 bodi ikanunua mashine. Saba waliambiwa asante wakaenda nyumbani, kila mmoja na kilo mbili za sukari. Walioachwa ni Wamae na Mathenge Nderitu, kijana wa miaka thelathini na minne wakati huo, aliyemwoa Kabura, dada mdogo wa Wamae. Mathenge akapewa mashine kwa kuwa ana kifua kipana. Wamae akapewa reki akusanye nyasi.

Mashine ilikuja ndani ya boksi, na mlikuwa na vitu. Wamae aliviona kwa macho yake siku boksi lilipofunguliwa: miwani ya kazi, glavu, kinga ya bati ya kufunika kisu upande wa mwenye kukata, na kijitabu chenye picha.

Uliza vilikwenda wapi. Glavu zilipotea wiki hiyohiyo. Miwani ilionekana baadaye shambani kwa mkubwa mmoja, usoni mwa fundi aliyekuwa akichomelea geti. Kinga ilifungwa mwezi mmoja, kisha msimamizi wa uwanja, Bwana Moffat, akaamuru ifunguliwe, ati inakusanya nyasi na kuchelewesha kazi. Ikatupwa stoo. Kijitabu kikafungiwa kabatini ofisini kisije kikapotea. Mtu aliuliza kama wakata nyasi wasomewe, akajibiwa kwamba kimeandikwa Kizungu, watakifanyia nini.

Wamae aliacha shule darasa la tatu, mwaka wa hali ya hatari, zama za mkoloni, shule yao ilipofungwa na haikufunguliwa tena. Hilo halimtii haya. Linalomuuma ni kwamba waliosoma kwa niaba yake hawakusoma.

Asubuhi moja ya Oktoba 1992, Mathenge alikuwa akikata kandokando ya ua wa michongoma, penye bomba la maji la zamani lililokatwa na kuachwa limechomoza kidogo ndani ya nyasi. Ghafla aligeuka kulia, mashine ikinguruma, kisu kikiwa chini. Kisu kikakuta lile bomba. Mashine ikapiga teke, kipande cha chuma kikapasuka, na hakukuwa na bati la kukizuia wala kioo mbele ya uso wake.

Jicho la kushoto halikuokolewa.

Uchunguzi ulifanywa kwa siku moja, wakubwa wakiwa wamekaa na chai. Karatasi iliyotoka iliandika uzembe wa mfanyakazi. Bwana Moffat, akitaka kuwafariji watu, alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba ajali haina kinga.

"Nikamwangalia," anakumbuka Wamae. "Nikasema, kweli Bwana Moffat, hii haikuwa na kinga. Kinga iko stoo, nyuma ya ndoo za rangi. Wewe ndiye ulisema itolewe. Watu wakacheka, halafu wakakumbuka mahali tuko, wakanyamaza."

Maneno hayo yalimnyima likizo mwaka huo, lakini hayakumtia hofu. Alikuwa ameshapoteza kikubwa zaidi. Mkewe Wachuka alifariki mwaka wa 1990 kwa ugonjwa wa kifua. Siku alipozidiwa Wamae alikwenda kuomba gari la shule, akaambiwa limekwenda kubeba mahema ya mgeni wa heshima. Aliporudi nyumbani na gari la kuazima la mboga, jirani zake walikuwa wameshakaa nje, wakinong'ona. Tangu hapo mtu akimwambia wakubwa wana mambo mengi, hujibu kwamba yeye pia alikuwa na moja.

Mathenge alipoumia hakuna aliyekubali kuishika ile mashine. Ikakaa wiki tatu, nyasi zikapanda, wakubwa wakaanza kuhofia sifa ya shule. Mwishowe Wamae akasema ataichukua, lakini ataishika kwa sheria zake.

Kinga aliichimbua stoo akaipeleka kwa fundi wa jua kali mjini akainyoosha. Kinga ya miguu aliikata mwenyewe kutoka kwenye tairi kuukuu, kuanzia goti hadi kwenye gambuti. Miwani aliinunua sokoni Karatina kwa pesa zake. Alichonga vijiti vinne, akavifunga vitambaa vyekundu, na kila anapokata huvisimika hatua ishirini kumzunguka. Anayetaka kupita ndani ya vijiti, mwanafunzi au mwalimu, hungoja mashine izimwe.

Kuna siku mtunza stoo alimpa waya wa breki ya baiskeli atumie mahali pa kamba ya nailoni, ile inayofungwa badala ya kisu penye nyasi laini, kwa kuwa nailoni imeisha na waya haukatiki. Wamae aliukunja waya ule akaurudisha mezani. Waya ukikatika unakwenda kama risasi, alimwambia, nao hautaki kujua bajeti.

Khavere aliingia katika habari hii miaka miwili iliyopita. Ana miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Vihiga, mke wa askari polisi Masinde aliyehamishiwa Doldol, naye akabaki Nyeri na watoto kwa ajili ya shule. Alikuwa kibarua wa fyekeo, akikata penye mitaro na vichaka ambako mashine haifiki. Mkono wake ulisifiwa na kila mtu. Wamae aliutazama akatikisa kichwa.

"Aliniambia wewe unakata vizuri sana, hiyo ndiyo shida yako," anasema Khavere na kucheka. "Nikafikiri huyu mzee ananitukana kwa adabu."

Khavere alifika kidato cha pili. Mwezi wa Machi alikwenda ofisini akaomba kile kijitabu, akarudi akaomba tena, na mara ya tatu karani akampa kwa saa moja, akimwonya asikichafue. Wakakaa stoo, juu ya mifuko ya saruji, yeye akisoma na kutafsiri, mzee akisikiliza amefumba macho.

Kwenye ukurasa wa tisa alimgeuzia kijitabu. Palikuwa na picha ya kisu kikitazamwa kutoka juu, mviringo kama uso wa saa. Sehemu moja, kuanzia saa sita hadi saa tisa, mbele upande wa kulia, ilikuwa imepakwa wino mweusi, na juu yake umechorwa mkono wa onyo.

Wamae aliitazama picha ile. Kisha akauliza ilikuwa kabatini tangu lini. Khavere akamwambia tangu boksi lifunguliwe.

"Sasa hii nayo ni Kizungu?" aliuliza mzee. "Picha haina Kizungu. Hii hata mimi ningesoma. Hata Mathenge angesoma, akiwa na macho yake mawili."

Siku iliyofuata mafunzo yalianza. Wiki mbili nzima Khavere alibeba mashine iliyozimwa, mikanda mabegani, akitembea uwanjani huku wasichana wakimchungulia madirishani na kucheka. Mzee alitembea pembeni akihesabu kwa maneno mawili. Mkono ukienda kushoto alisema, "Kula." Ukirudi kulia, kisu kimeinuliwa juu ya nyasi na kidole kimelegeza moto wa injini, alisema, "Nyamaza." Kula, nyamaza. Kula, nyamaza. Mpaka wapishi jikoni nao wakaanza kukoroga uji kwa wimbo huo.

Kisha mashine ikawashwa, likaja somo gumu zaidi. Khavere anapokuwa amezama katika kazi, Wamae husimama nyuma yake, nje ya vijiti, na kumwita. Mara chai imeiva, mara kuna simu ofisini, mara Masinde amekuja. Asigeuke. Alegeze moto, azime, angoje kisu kisimame kabisa, ndipo ageuke. Wiki ya kwanza aligeuka mara sita, kila mara upande wa kulia.

Mzee hakumgombeza. Kila alipogeuka alimwambia neno moja tu. "Mathenge."

"Afadhali angenichapa," anasema Khavere.

Lakini ofisini palikuwa na mipango mingine. Bwana Moffat alikuwa na jamaa yake, mtu wa fyekeo kutoka mashamba ya kahawa, aliyetaka amwingize. Alisema mashine ni nzito kwa mwanamke na kwamba hayo ya kutembeatembea na vitambaa yanapoteza nusu ya asubuhi. Kwa haki yake, Moffat naye alikuwa akisukumwa. Mwezi wa Julai kuna mgeni mkubwa, na aliye juu yake alimwambia nyasi zikizidi kimo cha kidole atajibu yeye. Kila mkubwa ana mkubwa wake, na mzigo wote huteremka hadi kwa anayeinama.

Ikaamuliwa Khavere ajaribiwe. Akishindwa, jamaa wa kahawani anaanza kazi tarehe mosi.

Jaribio lilifanyika Alhamisi iliyopita, kwenye mteremko nyuma ya mabafu. Bodi ilimtuma mjumbe mmoja, Bi. Watiri, muuguzi mstaafu anayetembea na mwavuli hata kukiwa na jua. Wamae aliambiwa asimame mbali, asiseme neno. Alisimama chini ya mti wa mgravilia, mikono nyuma.

Khavere alipita mteremko akiokota mawe. Akasimika vijiti. Akajaza mafuta, akasogea mbali na pale alipojazia, akakaza nati, ndipo akavuta kamba ya kuwasha. Alikata mteremko kwa ubavu, hakuupanda wala hakuushuka. Kula, nyamaza. Nyasi zililala kushoto kwake kwa mstari, na Bi. Watiri akafunga mwavuli ili atazame vizuri.

Hapo ndipo Bwana Moffat alipokumbuka kitu. Pengine alitaka kumwambia akate karibu zaidi na ukuta. Akavuka kitambaa chekundu kwa miguu yake mirefu, akamwendea kwa nyuma, akamwita.

Khavere hakugeuka. Moffat akaita tena, kwa sauti zaidi. Mashine ikashuka sauti, ikazimika, lakini mgongo wa Khavere haukutikisika. Akaita mara ya tatu, sasa kwa ukali wa mtu aliyezoea kuitikiwa. Kisu kikazunguka, kikachoka, kikasimama. Khavere akafungua mkanda, akailaza mashine chini, ndipo akageuka na kumwuliza habari ya asubuhi.

Moffat alimgeukia Bi. Watiri, akamwambia huyu mama ana kiburi, ameitwa mara tatu na msimamizi wake kama anaitwa na upepo.

"Nilikusikia mara ya kwanza, Bwana Moffat," alisema Khavere. "Mara ya pili nilikuwa nazima. Mara ya tatu nilikuwa nangojea kisu isimame. Na wewe uko ndani ya kitambaa."

Bi. Watiri alimtazama Moffat miguuni, akatazama kile kijiti nyuma yake, akamwomba atoke nje ya vijiti ili kazi iendelee. Alisema kwa upole, kama anayemwomba mgonjwa afungue mdomo. Moffat akatoka.

Barua ilikuja Jumatatu. Mashine ni ya Khavere kuanzia tarehe mosi Julai, kwa majaribio ya miezi mitatu, na vijiti viheshimiwe na wote. Khavere aliisoma kwa sauti mara mbili. Wamae akauliza imesema nini kuhusu miwani na glavu. Haikusema kitu. Akacheka kicheko chake kifupi, akamwambia basi miwani ya Karatina ibaki hapo msumarini, asimpe mtu akachomelee geti.

Mtu angetegemea mzee aondoke na furaha hiyo. Lakini tangu siku ya jaribio hakupata usingizi mzuri, na alipoulizwa sababu alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

Ile karatasi ya uchunguzi ya mwaka wa 1992 iliandika kwamba Mathenge aligeuka. Haikuuliza kwa nini. Wamae anajua kwa nini, kwani aliyemgusa bega ni yeye. Alimwendea kwa nyuma, reki mkononi, kumwambia chai imefika.

Kwa Wagikuyu, kaka wa mke huitwa muthoni, na muthoni hapewi mgongo. Mathenge alipohisi kile kiganja alijua ni cha nani, akafanya alivyolelewa: akageuka haraka, mzimamzima, kumpa shemeji yake uso. Adabu yake ndiyo iliyomla jicho.

Na wakubwa walipomwuliza hospitalini, alisema aligeuka mwenyewe. Hakumtaja mtu. Angemtaja, Wamae angefukuzwa siku hiyohiyo, na uzembe ungekuwa wa wawili.

"Miwani walichukua, kinga walitoa, kitabu walifungia, hayo yote ni yao na sitawasamehe," anasema. "Lakini huo mkono ulikuwa wangu. Nimewasema wao miaka mitatu, nikaona ukiwasema sana haubaki na nafasi ya kujisema."

Tangu ajali, wawili hao wamekutana arusini na matangani, wamenywa uji meza moja. Mathenge siku hizi anafuga ng'ombe wawili na kuuza maziwa. Wanazungumza mvua, bei ya lishe ya ng'ombe, watoto wa Kabura. Lile bega hawajalizungumza.

Wamae ana mpango wa baada ya tarehe 30. Mashine hizi sasa zimeenea, kwenye shule, viwanda vya kahawa na vituo vya majani chai, na kila zinapofika wanaozipokea ni watu wa fyekeo. Shule moja huko Kianyaga imesikia habari za vitambaa vyekundu, imemwita akawafundishe wakata nyasi wake wanne mwezi wa Julai. Hajui Kizungu, lakini ile picha ya ukurasa wa tisa Khavere amemchorea kwenye kadibodi, kubwa kama sinia.

Anachotaka ni kwenda na Mathenge. Watu wataniona mimi ni mzee wa kulalamika tu, anasema, lakini huyo wakimtazama usoni watanyamaza. Hajamwomba. Atakwenda kwake Jumapili, baada ya kanisa, kabla ya ng'ombe kukamwa.

"Akikataa, nitaenda Kianyaga peke yangu, niwaambie ni mimi nilimgusa," anasema Wamae. "Akikubali, nitasema hivyo hivyo, na yeye akiwa amekaa hapo ananisikia."